Nimeshalipa, Nimeghairi: Maswali ya Wapangaji wa Mwanza Kuhusu Hela ya Nyumba

Chumba kizuri cha Nyegezi au Buzuruga hakilali. Ukisema "nitarudi kesho", kesho unakuta pazia la mtu mwingine dirishani. Ndiyo maana watu wa Mwanza wanatoa hela wakiwa wamesimama mlangoni, halafu usiku kitandani ndipo wanaanza kufikiri.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Nyamagana. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki, zaidi na wapangaji, mara chache na wenye nyumba. Nimeyaandika kama yanavyokuja. Hata kama shida yako iko chini kabisa ya ukurasa, soma kwanza swali la 1 na la 2, maana majibu mengine yanaegemea hapo.

## Mambo ya msingi

1. Nimelipa lakini sijahamia. Naruhusiwa kughairi?

Ndiyo. Hakuna atakayekulazimisha kulala kwenye nyumba usiyoitaka. Kinachobaki kujadiliwa ni gharama ya kughairi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema aliyevunja makubaliano amfidie mwenzake hasara iliyotokana na kuvunja huko. Shika neno hasara. Mwenye nyumba hapewi ruhusa ya kukukomoa wala ya kutajirika kupitia wewe, na wewe hupewi ruhusa ya kumwachia mzigo ulioutengeneza mwenyewe. Karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini kinarudi kwenye swali hilo moja: amepoteza nini kwa sababu yako?

2. Kishika uchumba, dipoziti na kodi ya mbele, si hela moja?

Ni hela tatu tofauti, na kuzichanganya ndicho chanzo cha ugomvi mwingi ninaoamua.

Kishika uchumba, ambayo wengine huiita arabuni, ni hela ndogo ya kuzuia nyumba isipewe mtu mwingine. Unamwambia mwenye nyumba, "Nishikie mpaka Ijumaa." Ukija Ijumaa, inahesabiwa ndani ya kodi. Usipokuja, ni malipo ya siku alizowafungia wengine mlango kwa ajili yako. Hii ndiyo ngumu kurudi, na kwa maoni yangu mara nyingi ni haki isirudi, mradi iwe ndogo kweli.

Dipoziti ni amana ya kufidia uharibifu na bili utakazoacha siku ya kuondoka. Kama hujahamia, hujavunja kitasa cha mtu wala hujaacha deni la maji, hivyo sababu yake ya kukaliwa haipo. Ikikatwa, ikatwe kwa hasara ya kughairi tu, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 7.

Kodi ya mbele ni malipo ya kukaa: miezi mitatu, sita, au mwaka. Hapa ndipo penye hela nyingi, na hapa ndipo mpangaji anapaswa kusimama imara, kwa sababu hajakaa.

Balaa huanza pale risiti inaposema tu "nimepokea 300,000 ya nyumba". Ya nyumba kwa maana gani? Ukighairi, mwenye nyumba ataiita kishika uchumba na wewe utaiita kodi. Siku ya kulipa, andikeni jina la hela. Hata ujumbe wa simu unatosha: "Mama, nimetuma 50,000 ya kushikilia chumba mpaka tarehe 10, itaingia kwenye kodi."

3. Hatukuandikishana popote. Kuna mkataba kweli?

Upo. Mmekubaliana nyumba, bei na muda, na hela imetoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inautambua upangaji wa mdomo wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Usifurahi wala usiogope haraka: mkataba huo unakubana wewe uliyeahidi kuhamia, na unambana yeye pia aliyepokea. Tatizo la mdomo liko kwenye kuthibitisha, na hilo liko swali la 20.

4. Sheria hainipi siku chache za kufikiri upya?

Hapana. Kwa upangaji wa nyumba hakuna siku za kubadili mawazo bila gharama, isipokuwa mlizipanga wenyewe. Anayekuambia "ndani ya saa 24 hela inarudi yote" anakupa matumaini ya bure.

5. Serikali haijaweka kikomo cha dipoziti au kodi ya mbele?

Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba iliyokuwa na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei, dipoziti na idadi ya miezi ya kulipa mbele ni makubaliano yenu. Mwenye nyumba anayetaka mwaka mzima havunji sheria, ila wewe unajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ukighairi, kwa sababu hela yako yote iko mfukoni mwake na wewe ndiye utakayekuwa unaomba. Kama una shaka hata kidogo, lipa kishika uchumba kwanza, nenda ukafikirie.

## Hela inayorudi

6. Karatasi niliyosaini inasema "fedha ikishalipwa hairudishwi". Nimekwisha?

Hujakwisha, lakini umejiongezea kazi. Mkataba ukitaja kiasi kitakachopotea pale mtu anapovunja ahadi, sheria inampa aliyeumizwa fidia inayostahili, na kiasi kilichotajwa kinakuwa dari yake ya juu. Maana yake, kishika uchumba cha 50,000 kwa chumba cha 80,000 kitapotea na hakuna atakayeshangaa. Kodi ya miezi sita kupotea yote kwa mtu ambaye hakulala hata usiku mmoja, wakati chumba kimepata mwingine, hiyo ni adhabu, na adhabu ya namna hiyo inapingika.

Lakini hakimu naye ataisoma saini yako. Usiende ukisema hukuisoma karatasi. Nenda ukiwa na hesabu.

7. Basi mwenye nyumba ana haki ya kubaki na kiasi gani?

Hasara yake halisi. Nitaifanya kwa mfano, maana hesabu ndiyo inayopoza hasira za pande zote mbili.

Tuseme nyumba ya vyumba viwili na sebule pale Nyasaka ni 200,000 kwa mwezi. Umelipa miezi sita, yaani 1,200,000, na dipoziti ya 200,000. Jumla 1,400,000. Mlikubaliana upangaji uanze siku ileile. Siku ya tisa ukatoa taarifa kwamba huji tena. Mwenye nyumba akatangaza, na baada ya wiki tatu akapata mpangaji kwa bei ileile. Nyumba imekaa tupu siku 30 kwa sababu yako: hizo ni 200,000. Uliomba chumba cha watoto kipakwe rangi ya bluu, akanunua rangi na kumlipa fundi 60,000. Jumla ya hasara ni 260,000. Anakurudishia 1,140,000.

Sasa tazama visivyomo kwenye hesabu hiyo. Hamna "usumbufu" wa laki tano. Hamna kodi ya miezi ambayo mtu mwingine ameshailipa, maana hapo atakuwa amekodisha chumba kimoja mara mbili. Hamna gharama ya bati alilotaka kubadilisha hata usingekuja.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Hawezi kutia kufuli miezi minne, asimwambie dalali, asiweke hata karatasi getini, halafu akuhesabie miezi minne. Anatakiwa ajitahidi kupunguza hasara kama mtu yeyote mwenye akili ya biashara angefanya. Mtaa kama Nyegezi karibu na stendi, au maeneo ya Bugando, nyumba ya bei ya kawaida haikai sana tupu. Hilo lisemeni wazi mkikaa kwenye hesabu. Nyumba kubwa ya Capri Point ni habari nyingine, wapangaji wake ni wachache, na mwezi mmoja au miwili ya kusubiri inaeleweka.

8. Alipata mpangaji siku ya tatu. Bado anikate mwezi mzima?

Hapana. Siku tatu ni siku tatu. Kama ulitoa kishika uchumba, anaweza kubaki nacho kwa sababu ya swali la 2.

9. Nikimletea mpangaji mwingine badala yangu?

Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafuta hasara kabla haijaanza. Tafuta mtu mwenye kazi inayojulikana, mpeleke mwenyewe, mtambulishe. Mwenye nyumba halazimiki kumpokea yeyote unayemleta. Nyumba ni yake na atakayekaa naye uani ni yeye. Lakini akimkataa mtu wa maana bila sababu, kukataa kwake kunahesabika: tangu siku hiyo nyumba haikai tupu kwa ajili yako.

Msiuziane kiholela. Usimkabidhi rafiki yako funguo na kupokea hela yake bila mwenye nyumba kujua. Huko ni kupangisha nyumba ya mtu, na utaingia kwenye kesi nyingine kabisa.

10. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja. Anarudisha?

Kwa kawaida hapana. Makubaliano kati yako na dalali yanasimama peke yake. Kazi yake ilikuwa kukukutanisha na mwenye nyumba mpaka mkakubaliana, na ameimaliza. Hela ya kuonyeshwa nyumba nayo ndiyo imekwenda.

Anarudisha kama alidanganya: aliijua nyumba ina mgogoro akanyamaza, au hakuwa ametumwa na mwenye nyumba. Nje ya hapo, mwombe akutafutie nyumba nyingine bila malipo mapya. Madalali wengi wa hapa hukubali, kwa sababu wanaishi kwa sifa ya mdomo.

## Nyumba si ile niliyoambiwa

11. Niliambiwa maji yapo muda wote. Kumbe hayafiki. Nirudishiwe yote?

Swali hili lina Mwanza ndani yake. Nyumba zetu zimepanda juu ya mawe: Mabatini, Igogo, Bugarika, sehemu za Isamilo. Maji ya MWAUWASA yakiwa kwa mgao, wa bondeni anaoga, wa juu anasubiri ndoo. Mtu akionyeshwa chumba mchana anaona ziwa linang'aa chini, upepo mzuri, anatoa hela. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri anafungua bomba, linakoroma tu.

Jibu linategemea nani alisema nini. Kama uliuliza na mwenye nyumba akajibu kwamba maji yanatoka kila siku huku akijua si kweli, amekupata kwa uongo. Mkataba uliopatikana kwa uongo unaweza kuukataa, na hela yako inarudi yote, pamoja na kishika uchumba. Hakuna hesabu ya siku tupu hapo, kwa sababu aliyesababisha nyumba ibaki tupu ni yeye.

Kama hukuuliza na yeye hakusema, unakuwa upande dhaifu. Kunyamaza kwake pekee hakukuokoi ikiwa ungeweza kujua kwa kuangalia kwa uangalifu wa kawaida, kwa mfano kufungua bomba au kumuuliza mama anayeuza mandazi nje ya geti. Utarudi kwenye hesabu ya swali la 7.

Mantiki hiyohiyo inatumika kwenye umeme. Uliambiwa LUKU yako peke yako, unakuta mita moja ya familia tano na ugomvi wa nani anapikia jiko la umeme: huo ni uongo. Hukuuliza: hapo ulijipunja. Na choo cha pamoja umekiona kwa macho yako siku ya kwanza. Usikifanye kuwa sababu wiki ya pili.

Nawaomba sana wanaotafuta nyumba, nendeni mara ya pili, jioni au alfajiri, bila dalali.

12. Nyumba haikuwa imeisha. Aliahidi kumaliza kabla ya tarehe 1, na leo ni tarehe 6.

Kama mlikubaliana wazi kwamba tarehe ile ndiyo ya kuhamia na yeye alijua unaacha nyumba nyingine siku hiyo, unaweza kuondoka na hela yako yote. Kama tarehe ilitajwa juujuu tu, mpe siku chache kwa maandishi, saba kwa mfano: "Ikifika tarehe 13 madirisha hayajawekwa, naomba hela yangu." Zikipita, huyo aliyevunja ahadi ni yeye, na unakwenda swali la 13.

13. Mwenye nyumba ndiye aliyeghairi, amempa aliyeongeza bei.

Hapo kila kitu kinarudi, hata kishika uchumba, na hasara yako wewe ndiyo inayohesabiwa. Ulikodi kirikuu kubeba vitu kutoka Igoma ukakuta mlango umefungwa? Dai nauli hiyo. Ulilala nyumba ya wageni siku nne ukitafuta pengine? Dai, ukiwa na risiti. Wenye nyumba wengi hudhani kurudisha ile ile waliyopokea kunamaliza shauri. Hakumalizi.

14. Baada ya kulipa nimeona alama ya X nyekundu ukutani. Nyumba iko karibu na ziwa.

Usihamie kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na zipo nyumba nyingi zilizosimama humo. Mwaka 2020 na tena 2024 maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana, yakaingia majumbani na kwenye biashara za ufukweni. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize alama hiyo ina maana gani na iliwekwa na nani.

Kama mwenye nyumba aliijua na aliificha, kwa mfano aliipaka chokaa au aliegesha kabati mbele yake, jibu ni lile la uongo kwenye swali la 11: hela yote. Alama iliyokuwa wazi ukutani siku unalipa, na hukuuliza, itakupa shida.

## Namna ya kughairi

15. Nimwambieje bila kugombana, na lini?

Leo. Kabla hujamaliza kusoma, kama bado hujamwambia, mpigie.

Nasema hivyo kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka niliohamia Mwanza nililipa chumba, kazi ikabadilika, nikaona aibu kumkabili mzee aliyenipokea vizuri. Nikakaa kimya wiki tano. Nilipojitokeza, alikuwa amewarudisha watu watatu mlangoni, na majina yao alinitajia. Nilikatwa zaidi ya mwezi mzima, na sikuwa na neno. Siku ya kwanza ingenigharimu kidogo sana.

Piga simu kwanza, kwa heshima, halafu fuatisha maandishi. Mfano:

"Shikamoo baba. Mimi ni mpangaji wa chumba cha mbele pale Mkolani, niliyelipa 450,000 tarehe 3 kwa simu. Kwa heshima nakutaarifu kwamba sitaweza kuhamia. Chumba kiko huru kuanzia leo, unaweza kumpa mwingine. Naomba tukae tuhesabu hasara niliyokutia, na kinachobaki unirudishie. Nitapita Jumamosi saa nne asubuhi, au siku itakayokufaa wewe."

Sentensi inayobeba uzito ni "kiko huru kuanzia leo". Kuanzia pale hana sababu ya kumkataa mtu mwingine kwa ajili yako. Na ile ya kukiri hasara hufungua milango. Mwenye nyumba aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi hulainika akisikia unatambua kwamba naye ameumia.

16. Funguo ninazo mimi.

Zirudishe siku hiyohiyo unayoghairi, mbele ya mtu. Ukikaa na funguo umekaa na nyumba, na siku zinaendelea kuhesabika kwako. Piga picha ya chumba kitupu na mita ya umeme kabla ya kuzikabidhi.

17. Anasema hela ameshaitumia.

Mara nyingi ni kweli. Kodi ya Januari ndiyo ada ya watoto wake. Kodi ya kabla ya mvua ndiyo mabati. Kuitumia hakufuti deni, lakini ukitaka hela yako yote kesho huenda ukaishia kupata hasira tu. Kubalianeni tarehe na kiasi, kwa mfano mafungu matatu, andikeni, mwenyekiti wa mtaa au mzee mnayeheshimiana naye ashuhudie. Njia nyingine ni yeye akurudishie siku mpangaji mpya atakapolipa. Hiyo ni nzuri, ila iwekewe ukomo: "akija au asije, mwisho tarehe 30."

## Akikataa

18. Nianzie wapi?

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa ilipo nyumba hiyo. Hana mamlaka ya kuhukumu, lakini anamfahamu mwenye nyumba, na wengi hawapendi sura yao iharibike mtaani kwa laki mbili. Kesi nyingi nilizoziona zimeishia kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi yake.

Ikishindikana na dai lako ni hela tupu, nenda Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya fedha ya mkataba yasiyozidi milioni 30, kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Nenda na kiasi kamili na hesabu ya namna ulivyokipata.

Baraza la Kata linawachanganya wengi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu. Unalihitaji pale ugomvi unapohusu haki ya kukaa kwenye nyumba yenyewe, kwa mfano umefungiwa vitu ndani na unataka kuendelea kukaa. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mtu aliyeghairi na anayetaka hela yake, safari hiyo ni ndefu bila sababu.

19. Niende polisi nikafungue RB?

Kwa deni la kawaida, hapana. Mwenye nyumba anayekiri kupokea hela na anabisha kiasi tu ni mdaiwa, hajawa mhalifu. Polisi hawakusanyi madeni, na kumtishia mtu mahabusu kwa ajili ya kodi kunaweza kukugeukia. Polisi ni kwa swali la 24.

20. Ushahidi wangu ni ujumbe wa simu tu. Unatosha?

Unaweza kutosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Usifute chochote, usibadilishe simu bila kuhifadhi, na omba taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako. Angalia jina lililotokea ulipotuma: kama ni la mke wake au kijana wake, andika mapema kwa nini ulituma huko.

Uliyelipa taslimu, tafuta aliyekuwepo. Na kama leo hii una nafasi ya kumwandikia ujumbe wa kawaida, "Baba, ile 450,000 niliyokupa Jumapili", naye akajibu, jibu lake ni ushahidi mzuri.

Kuhusu karatasi yenyewe ya mkataba: inatakiwa ilipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Isiyolipiwa inaweza kuwekewa pingamizi isipokelewe mahakamani hadi ilipiwe pamoja na faini. Kwa nyumba ya 100,000 kwa mwezi ni 12,000.

## Hali za pekee

21. Mimi ni mwalimu, nimepata uhamisho wiki moja baada ya kulipa.

Pole. Wengi hudhani uhamisho unafuta mkataba. Sheria hufuta mkataba uliokuwa hauwezekani kutekelezwa kabisa, kama nyumba kuungua au kubomoka. Uhamisho unafanya iwe vigumu kwako, lakini nyumba ipo na ungeweza kuilipia. Kwa hiyo ni hesabu ya swali la 7. Barua ya uhamisho mpelekee hata hivyo; kwa mwenye nyumba mwenye utu inafanya kazi kuliko kifungu chochote. Na mkiwa bado mnaandikishana, mtumishi wa umma aombe kiongezwe kipengele cha uhamisho.

22. Tulichanga watatu kupanga nyumba Malimbe, mmoja ameghairi.

Kila Oktoba, wanachuo wa SAUT huniletea hili. Tazama jina lililoko kwenye mkataba na risiti. Kama ni lako peke yako, mwenye nyumba anakudai wewe kodi nzima, na mwenzako anakudai wewe mchango wake. Nyie watatu mna makubaliano yenu pembeni. Aliyeghairi ndiye anayepaswa kutafuta wa kuziba nafasi, na akipatikana anarudishiwa alichochanga. Asipopatikana, hasara ya sehemu yake ni yake. Mwenye nyumba msimwingize kwenye ugomvi wa marafiki.

23. Nimemlipa mtoto wa marehemu, sasa ndugu zake wamekuja juu.

Mwenye mamlaka ya kupangisha nyumba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuona barua ya uteuzi. Kama uliyemlipa si yeye, na msimamizi haukubali mkataba wako, dai hela yote kwa huyo uliyemlipa. Usijaribu kuhamia kwa nguvu ukitegemea ugomvi utaisha.

24. Nimefika na vitu, nimekuta wengine wawili wamelipia chumba hichohicho.

Hapa sasa ni polisi, nyote kwa pamoja, siku hiyohiyo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka saba. Nendeni na namba ya simu iliyopokea hela, jina lililotokea, na picha kama mnayo. Mjulisheni mtandao wa simu mara moja. Hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia, na nafasi hiyo ni ya saa chache.

Mwenye nyumba halisi, kama hakuhusika na hakumtuma tapeli, hawadai nyie, wala nyie hammdai. Msimfanyie fujo.

25. Ni fremu ya biashara, nilitoa kilemba.

Kama kilemba, yaani hela ya kuachiwa nafasi, ulimpa mpangaji aliyekupisha, mwenye fremu hakukigusa na hakirudishi. Mdai uliyempa, na tu kama alikudanganya, kwa mfano alikuuzia nafasi huku akijua mwenye fremu hataki mpangaji mpya. Kodi uliyomlipa mwenye fremu inafuata swali la 7. Kama ulimkatia kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA, hiyo imelipwa kwa jina lake. Kumbuka kuiingiza kwenye hesabu, la sivyo mtabishana juu ya hela ambayo haiko kwa yeyote kati yenu.

26. Mimi nilishahamia, nimekaa wiki mbili. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Siku ulizokaa unazilipia, na dipoziti sasa inaweza kukatwa kwa ulichoharibu. Ukilipa mwezi kwa mwezi, toa taarifa ya mwezi mmoja na uondoke kwa amani. Ukiwa umelipa miezi sita, soma kipengele cha taarifa kwenye mkataba wako; kama hakipo, mnarudi kwenye hasara halisi, na kumletea mpangaji wa kukurithi (swali la 9) kunakufaa wewe zaidi ya mtu yeyote aliyetajwa hapa, kwa sababu chumba kiko mikononi mwako na wewe ndiye unayeweza kukionyesha.